Historia ya bangi kama dawa: iliingiaje famasia, na ilitokaje? (Uzi mrefu, watu wa Kigoma na Tabora karibuni)

Dispensa wa Ujiji (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna sauti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp huku Kigoma, na naambiwa Tabora nako imeshafika mpaka Sikonge. Jamaa anasema bangi ilikuwa dawa ya mfalme wa China miaka 5,000 iliyopita, Malkia Victoria aliitumia, kisha wazungu wakaificha ili watuuzie vidonge. Mwishoni anatoa namba ya kununulia chupa ya mafuta. Nimekaa nyuma ya dirisha la dawa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sauti hiyo imenikera kwa sababu nusu yake ni kweli. Uongo mtupu watu huupuuza wenyewe. Huu wa nusu kwa nusu ndio unaomfanya mgonjwa aache dawa zake.

Nitaiweka historia yenyewe hapa kwa vipande. Na tuelewane mapema, sihamasishi mtu kuvuta, wala sikuja kutisha watoto.

Tuanze na huyo mfalme. Anaitwa Shennong. Katika masimulizi ya Kichina ndiye aliyewafundisha watu kilimo, na inasemekana alionja mimea kwa mdomo wake mwenyewe ili ajue ipi dawa, ipi sumu. Ni mtu wa hekaya. Kitabu cha dawa chenye jina lake kilikusanywa na watu wengine kabisa, karibu na karne ya 1 au ya 2 baada ya Kristo. Kwa hiyo ile miaka 5,000 ni umri wa hekaya. Kitabu chenyewe hakikaribii umri huo.

Ila mmea wenyewe unaishinda hata hekaya. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2021 unaonyesha kuwa watu wa mashariki ya Asia walianza kuupanda yapata miaka 12,000 iliyopita. Uliwapa nyuzi za kamba na nguo, na mbegu za kula. Ukitaka ushahidi wa kushika mkononi, nenda makaburi ya Yanghai, karibu na Turpan, kaskazini magharibi mwa China. Humo walimkuta mwanamume aliyezikwa miaka 2,700 iliyopita akiwa na upinde, hatamu za farasi, kinubi, na gramu 789 za bangi ambayo ilikuwa bado na rangi ya kijani. Ilipopimwa ikaonekana ni ile yenye kilevi. Wachimbaji wanaamini alikuwa mganga. Kama aliitumia kutuliza maumivu au kuzungumza na mizimu, kaburi halisemi, na sidhani kama mwenyewe angeielewa tofauti hiyo. Muulizeni mfumu (mganga) yeyote wa Unyamwezi.

Na matumizi yaliyodumu kwa Wachina mpaka leo ni mbegu zake, ambazo hazilewishi, kwa ajili ya kulainisha choo.

Mgebuka Mkavu

Nimetandika mkeka. Yaani mfalme, kaburi, kinubi, halafu mwisho wa yote ni dawa ya choo kigumu 😂 Vijana wa Kibirizi mmesikia?

Simba wa Kibirizi

Dispensa, shikamoo, ila usitufanyie mzaha. India je? Kule ni ibada. Na hapa Afrika wazee wetu walikuwa nayo kabla ya serikali yoyote.

Dispensa wa Ujiji

Marahaba mwanangu. India umesema kweli. Atharvaveda, maandiko ya kale ya Wahindu, inaitaja miongoni mwa mimea mitano mitakatifu. Mpaka leo wanaisaga na kuichanganya na maziwa na viungo wakati wa sikukuu ya Holi. Waganga wao waliitoa kwa tumbo, kwa maumivu, kwa mtu aliyekosa usingizi na kwa asiyekuwa na hamu ya kula. Mgiriki Dioscorides katika karne ya 1 aliandika kwamba maji ya mbegu zake yadondoshwe kwenye sikio linalouma. Ibn al-Baytar, tabibu wa karne ya 13 aliyezaliwa Málaga, aliikuta Misri ikilimwa bustanini, akaeleza jinsi inavyolevya.

Sasa angalia jambo moja. Karibu wote hao waliila, waliinywa au waliidondosha. Kuivuta kwa kiko ni habari ya upande wetu. Kule Ethiopia, kwenye pango liitwalo Lalibela, vilipatikana vichwa vya viko vya karne ya 14, na mabaki yaliyokuwemo yalipopimwa yakaonyesha dalili za bangi. Tumbaku ilikuwa bado iko Amerika, hakuna aliyeijua upande huu wa bahari. Maana yake kiko kilitangulia tumbaku hapa Afrika Mashariki. Hilo halisemwi kwenye sauti ya yule muuza mafuta, nami naona ndilo jambo la kuvutia kuliko habari za malkia.

Mwalimu wa Kasulu

Naomba niongeze kidogo upande wa somo langu.

Richard Burton alifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, na Ujiji akaingia Februari 1858. Kwenye kitabu chake cha safari hiyo kilichotoka 1860 anaeleza watu wa njia ya misafara wakivuta bangi kwa kiko cha kibuyu chenye maji, na kikohozi kikali kinachofuata. Burton alikuwa na dharau nyingi kwa Waafrika, msomeni kwa tahadhari, lakini macho alikuwa nayo.

Kisha kuna kisa cha Bashilange wa Kasai, magharibi ya ziwa letu. Mjerumani Hermann von Wissmann alifika kwao 1881 akakuta chifu wao, Kalamba Mukenge, ameigeuza bangi kuwa nguzo ya jamii nzima. Hirizi za zamani zilichomwa, watu walijiita Bena Riamba, yaani wana wa bangi, wakakaa pamoja kuvuta, hata mkosaji adhabu yake ilikuwa kuvutishwa mpaka aanguke. Wissmann akaendelea mashariki, akapita Tabora na kutokea Saadani 1882. Huyo huyo miaka kadhaa baadaye akawa gavana wa Wajerumani hapa kwetu.

Mnyamwezi Halisi

Wangaluka! Mwalimu umenikumbusha wapagazi. Mnyamwezi alibeba frasila mbili, kilo 30 na ushee, pembe begani, kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo kwa miguu. Mkiniambia jioni kambini hakutafuta kitu cha kutuliza mgongo na njaa sitawaamini. Nani angempa panadoli?

Kinachonichekesha ni kwamba mkoa wangu leo unaishi kwa tumbaku. Urambo, Kaliua, Sikonge, mabani yanafuka moshi, miombo inakwisha kwa kuni za kukaushia, na ni biashara halali yenye vyama vya ushirika na mnada.

Simba wa Kibirizi

SEMA HAPO HAPO MNYAMWEZI. Tumbaku inaua na iko sokoni. Jani halijaua mtu liko jela.

Dispensa wa Ujiji

Simba, kuhusu tumbaku sikupingi. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo zaidi ya milioni 7 kila mwaka kwa ajili yake, na hakuna mfamasia anayeuza sigara kama dawa. Lakini ubaya wa tumbaku haugeuki kuwa uzuri wa bangi. Wodi za magonjwa ya akili, za hapa mkoani na za Mirembe, zina vijana walioanza na msokoto wakiwa bado shule. Ripoti kubwa ya Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani ya 2017, ambayo ilikubali faida zake kadhaa, ilikiri pia kwamba anayeitumia kwa wingi anajiongezea hatari ya kupata ugonjwa wa akili wa kusikia na kuona visivyopo. Yote mawili yamo kwenye ripoti ile ile.

Mwalimu, ahsante sana kwa Bena Riamba. Kisa hicho kinastahili uzi wake.

Sasa tuingie famasia, kipande ninachokipenda.

Bila William Brooke O'Shaughnessy, bangi isingepangwa kwenye rafu za maduka ya dawa ya Ulaya. Alizaliwa Limerick, Ayalandi, 1809. Na kabla hajaigusa bangi, kijana huyu alifanya jambo linalotuhusu sana sisi wa Kigoma. Kipindupindu kilipoingia Uingereza 1831, akiwa na miaka 22, alipima damu ya wagonjwa akaona imepungukiwa maji na chumvi. Akasema virudishwe moja kwa moja kwenye mshipa. Mwaka uliofuata daktari Thomas Latta wa Leith, Uskoti, akajaribu, na watu waliokuwa wameshakatiwa tamaa wakaamka. Wanaokumbuka Kagunga 2015, wakimbizi wa Burundi wamejaa ufukweni na kipindupindu kimewavamia, wajue kwamba zile dripu ukoo wake unaanzia kwa huyu bwana.

Akaenda India kufanya kazi ya Kampuni ya Mashariki ya India, akafundisha kemia kwenye chuo cha udaktari cha Calcutta. Huko akaona waganga wa Kihindu na wa Kiislamu wanatoa bangi kwa maradhi chungu nzima. Hakuwadharau. Aliwauliza, akasomewa vitabu vyao, kisha akafanya kazi ya maabara. Kwanza wanyama. Aliwapa mbwa, paka, nguruwe, samaki, tai na kunguru, wote wakalewa upesi. Farasi, mbuzi, kondoo na ng'ombe, kila wala majani, wakapepesuka kidogo tu au hawakujali kabisa, hata akiongeza dozi.

Ndipo akaja kwa watu. Aliyeyusha utomvu wa bangi kwenye spiriti akapata tinkcha inayohesabika kwa matone. Mgonjwa mmoja wa baridi yabisi alipoinywa akaingia kwenye hali ya ajabu, ukimwinua mkono unabaki juu pale pale ulipouweka. Baada ya saa kadhaa akazinduka salama. Wa pepopunda, baadhi walipona, na zamani hizo pepopunda ilikuwa sawa na kuchimbiwa kaburi. Wa kichaa cha mbwa alikufa, na O'Shaughnessy aliandika wazi kwamba alikufa, ila kabla ya kufa aliweza kumeza maji na chakula, jambo ambalo mgonjwa wa namna hiyo hushindwa. Halafu kuna mtoto mchanga, msichana wa siku 40, aliyekuwa na degedege lisiloisha na dawa nyingine zimeshindwa. Akamwekea tone moja ulimini. Akasubiri saa moja na nusu. Akaongeza mawili. Mtoto akalala. Matibabu yakaendelea kwa siku kadhaa, dozi ikipandishwa na kushushwa, akapona.

Yote hayo aliyatangaza 1839. Someni ile ripoti kwa jicho la dispensa mtaona tone, saa, uzito wa utomvu, nini kilitokea, nani alifariki. Hakuna mahali anaposema majani yanatibu kila kitu. Tena alionya kuhusu aina ya wazimu inayowapata wanaoizoea.

Mgebuka Mkavu

Kunguru amelewa bangi, ng'ombe kakataa. Leo nimesoma 😂😂

Kuku wa Mwandiga

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Bibi yangu alikuwa anawapa kuku majani hayo wakianza kideri. Kwa hiyo kumbe kuku wanalewa tu au wanapona?

Dispensa wa Ujiji

Huko nje ya mada nako kuna maana. Kideri kinaletwa na kirusi na jani hilo halikiui. Kuku aliyenusurika alikuwa ananusurika mwenyewe, bibi akalisifu jani. Chanjo ya I-2 ipo, tone moja jichoni, rudia kila baada ya miezi mitatu, bei yake ni ndogo kuliko kuku mmoja. Nenda kwa afisa mifugo wa kata.

Mwalimu wa Kasulu

Na Malkia Victoria? Darasani wanafunzi wameshaniuliza.

Dispensa wa Ujiji

O'Shaughnessy alirudi London mwanzoni mwa miaka ya 1840 akiwa na mzigo wa bangi, na mfamasia Peter Squire wa Oxford Street akaanza kutengeneza dawa ya maji kutokana nayo. Ikasambaa haraka. Miaka ya 1850 ikawa imeingia kwenye kitabu rasmi cha dawa cha Marekani. Iliandikwa kwa kipandauso, kwa kikohozi, kwa maumivu ya hedhi, kwa wasiolala.

Malkia anaingilia hapa. Mmoja wa madaktari wa nyumba yake, J. Russell Reynolds, aliisifu sana kwenye jarida la Lancet mwaka 1890. Watu wakaunganisha: daktari wa malkia kaisifu, basi malkia kaitumia, tena kwa maumivu ya hedhi. Hakuna karatasi inayoonyesha hivyo. Na hebu piga hesabu. Victoria alizaliwa 1819, Reynolds akaingia kazini kwenye nyumba hiyo 1878. Malkia ana miaka 59. Maumivu ya hedhi yapi?

Mama Pili Kaliua

😄 Hapo umemaliza kesi.

Dispensa wa Ujiji

Sasa ilitokaje? Yule wa kwenye sauti anasema iliondolewa na polisi na njama za kampuni za dawa. Mimi nasema ilianza kuondoka miaka mingi kabla ya polisi kuja, na lililomchosha mgonjwa na daktari ni tatizo moja lililokosa ufumbuzi. Hakuna aliyejua ndani ya chupa mna nini.

Chukulia afyuni. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mjerumani Sertürner alishatoa mofini ndani yake, unga mweupe unaopimika. Magome ya mkwinini yakatoa kwinini 1820, na kwinini unaijua kazi yake huku kwetu kwenye malaria. Bangi ikagoma. Kilevi chake ni cha mafuta, hakikubali maji, hakigandi kikawa unga. Kwa hiyo tinkcha ya bangi ilikuwa kama asali ya Tabora, ya msimu huu si ya msimu ule. Chupa ya leo haimfanyi mgonjwa lolote. Unaongeza dozi. Chupa inayofuata, kutoka meli nyingine, dozi ile ile inamwangusha chini na kumfanya apige kelele kwamba anakufa. Daktari wa namna gani ataendelea kuandika dawa hiyo?

Kisha 1853 Alexander Wood wa Edinburgh akaanza kutumia sindano ya chini ya ngozi. Mofini inayeyuka kwenye maji, inachomwa, maumivu yanakata kwa dakika. Bangi haichomeki. Aspirini ikaingia sokoni 1899 ikachukua kichwa na viungo. Fenobabitali ikaja 1912 ikachukua degedege na kifafa, na mpaka leo iko kwenye zahanati zetu. Moja baada ya nyingine, kazi za bangi zikachukuliwa na vidonge vinavyopimika kwa miligramu.

Mnyamwezi Halisi

Asali usiiguse mkuu, asali ya Tabora ni nzuri misimu yote 😀 Ila nimeelewa. Na sheria zilikuja lini?

Dispensa wa Ujiji

Kwa mshangao wa wengi, mara ya kwanza serikali ya kikoloni ilipoichunguza kwa dhati, ilikataa kuipiga marufuku. Hiyo ni tume ya India ya 1893 na 1894. Ilihoji mashahidi 1,193, madaktari, wakulima, watawa, wakuu wa hospitali za vichaa, ikatoa ripoti ya majuzuu kadhaa. Hitimisho lake: matumizi ya kiasi hayana madhara makubwa, yaliyopindukia ni mabaya, iwekewe kodi na leseni. Kwa hiyo hadithi ya "wazungu walificha" haikai sawa. Waliandika kila kitu na kukichapisha.

Marufuku ya kimataifa ilikuja 1925 huko Geneva, mkutano ulioitwa kwa ajili ya afyuni. Aliyesimama kudai hashishi, yaani utomvu wa bangi, iongezwe alikuwa mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy. Mwafrika. Uingereza ikaiondoa kwenye kitabu chake cha dawa 1932. Marekani ikaweka kodi ya kuikaba 1937, na mwakilishi wa chama cha madaktari, William Woodward, alikwenda bungeni kuipinga sheria hiyo asisikilizwe. 1942 ikafutwa kwenye kitabu cha Marekani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 ukaipanga kwenye jedwali kali kuliko yote, pamoja na heroini. Hapo siasa ilikuwa imeshatangulia mbele ya dawa, na ubaguzi wa rangi ulichangia pakubwa, hasa Marekani kwa Wameksiko na weusi. Kwenye hilo Simba ana haki ya kukasirika.

Simba wa Kibirizi

Hatimaye. Lakini leo hospitali za wazungu zinaitumia. Kwa nini?

Dispensa wa Ujiji

Kwa sababu walipata kupima.

1964 Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni, wanakemia wa Israeli, walifanikiwa kukitenga kile kilevi, THC, na kuchora umbo lake. Mwaka mmoja kabla Mechoulam alikuwa ameshachora la ndugu yake CBD, asiyelewesha. Mzigo wa utafiti walipewa na polisi, kilo 5 za hashishi iliyokamatwa ikitoka Lebanoni, na Mechoulam akapanda nayo basi la abiria, wenzake ndani ya basi wakanusa wakashangaa harufu ya nini. Baadaye, 1988, Allyn Howlett na William Devane wakaonyesha kwamba ubongo una mahali maalumu inapokaa THC, na 1992 ikajulikana mwili wenyewe hutengeneza kemikali inayokaa pale pale. Kwa hiyo yule mganga wa Yanghai alikuwa anagonga mlango uliokuwepo kweli.

Kuanzia hapo dawa zikarudi moja moja. THC ya maabara, kwa jina la dronabinoli, ilikubaliwa Marekani 1985 kwa kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani wanaochomwa kemo. Jamaika 1987 walitoa matone ya presha ya macho, kazi ya Manley West na Albert Lockhart, na hiyo napenda kuitaja kwa kuwa haikutoka Ulaya. Uingereza 2010 ilikubali dawa ya kupuliza mdomoni kwa misuli iliyokakamaa ya wagonjwa wa mfumo wa neva. Na 2018 Marekani ikakubali CBD safi ya maji kwa aina mbili kali za kifafa cha watoto.

Desemba 2020 Umoja wa Mataifa ukapiga kura kuitoa kwenye lile jedwali kali. 27 walikubali, 25 walikataa, mmoja hakuegemea. Kura mbili tu. Na haikuhalalishwa, imebaki kwenye jedwali la kwanza pamoja na mofini. Hapa Afrika Lesotho ilitangulia 2017 kutoa leseni za kulima kwa ajili ya dawa. Rwanda, jirani zetu, ikaruhusu 2021, lakini ni ya kusafirisha nje, raia akikutwa nayo bado ni kosa.

Kwetu Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 haijali unaiita nini. Shamba ni shamba, na kifungo cha mlimaji kinafika miaka 30. Mtu asije akakudanganya kwamba chupa yenye picha ya jani ni "ya dawa" kwa hiyo haina shida.

Mama Pili Kaliua

Dispensa, shikamoo. Nimesoma tangu juu. Mimi ndiye niliyekusudia kununua ile chupa. Mwanangu wa kiume ana miaka saba, ana kifafa, anameza fenobabitali, kilo zake ni 20. Safari hii anaanguka mara kwa mara. Jirani ameniambia nimchemshie majani mpaka nipate hela ya mafuta. Na wewe hapo juu umesema dawa ya kifafa ya bangi imekubaliwa. Nifanyeje? Naomba msinicheke.

Mnyamwezi Halisi

Hakuna wa kukucheka dada. Pole sana.

Dispensa wa Ujiji

Marahaba mama, na pole. Nakujibu hapa hapa kwa sababu wapo wengine wenye swali lako wasiouliza.

Ile dawa iliyokubaliwa ni CBD peke yake, imesafishwa. Mtoto wa kilo 20 huanzishiwa miligramu 50 asubuhi na 50 jioni, anapimwa ini kabla na baada, na inapandishwa taratibu daktari akiangalia. Tena imethibitishwa kwa kifafa cha aina chache adimu. Majani ya kuchemsha hayana hesabu hiyo. Bangi ya mtaani kwa kawaida imejaa THC, ambayo ndiyo inayolewesha, na mtoto mdogo anaweza kusinzia mpaka kupumua kukawa tabu. Chupa ya mafuta ya yule jamaa hakuna aliyeipima. Inaweza kuwa na THC, inaweza kuwa mafuta ya alizeti.

La muhimu kuliko yote, usimkatishe fenobabitali ghafla. Kuikata ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika, na hicho kinaua. Watu wengi huharibu hapo, wanaanza dawa mpya kwa siri na kuacha ya zamani siku hiyo hiyo.

Kwamba anaanguka zaidi, sababu inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Ameongezeka uzito na dozi imebaki ya zamani. Anaruka siku. Ana homa, na malaria kwa mikoa yetu hii ni kitu cha kukishuku kwanza. Mpeleke kituo cha afya apimwe malaria na apimwe uzito upya, halafu omba rufaa ya kliniki ya kifafa, hospitali ya Kitete wanaona wagonjwa hao. Kuna dawa nyingine za kifafa zaidi ya fenobabitali, hazijaisha. Akianguka zaidi ya dakika tano, au akianguka mfululizo bila kuzinduka katikati, usisubiri kliniki, nenda usiku huo huo. Mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni.

Mama Pili Kaliua

Ahsante. Alipewa dozi hiyo akiwa na miaka minne, haijabadilishwa. Nakwenda kesho. Ila nikiulizwa kama nimempa kitu kingine niseme? Jirani alishaleta majani juzi, nilimpa kikombe nusu.

Dispensa wa Ujiji

Sema. Mweleze daktari ni siku gani, kiasi gani, na alikuwaje baada ya hapo. Anayekuuliza anataka kupanga dozi, hajaja kukupeleka kituoni. Fenobabitali na kemikali za bangi zinasindikwa na ini moja, kwa hiyo asipojua anaweza kusoma dalili vibaya akapandisha dawa isiyopaswa kupanda. Beba kadi yake ya kliniki na kopo la vidonge ulilonalo, hata kama limebaki na viwili.